Upande wa Kulia wa Situbeka

Mimi nina kesi na Wamarekani, na korti ya kuisikiliza sijaiona. Kampuni yao ya magari ilifunga kiwanda chake kikubwa kabla sijazaliwa, lakini hasira yangu haijui tarehe. Watu wa soko la Gakoromone wananifahamu. Wanajua Karwirwa wa ndengu hana mchezo kwenye kipimo, gorogoro yake haijabondwa chini kama za wengine, na gari lenye usukani wa kushoto likipita barabarani ananuna mpaka jioni. Wakiniuliza kwa nini, nawaambia wanunue ndengu waende zao. Leo soko limelala, kwa hivyo keti hapo juu ya gunia. Si hilo, hilo ni la mwere, yale mawele madogo, litapasuka. Hilo lingine. Haya, sikiliza.

Baba yangu aliitwa Muthamia. Kazi yake ilikuwa kuchukua kabichi na ndizi za huku kwetu Meru, kuzipeleka Mbeere kwenye joto, na kurudi na ndengu, mwere na asali. Mwanzoni alibeba mizigo kwa magari ya watu. Kisha Desemba ya mwaka wa 1963, wiki ile ile tuliyopandisha bendera, Mmarekani mmoja aliyekuwa akichimba visima sehemu hizi akaamua kwenda kwao. Alikuwa na pikapu ya kijani aliyoileta kwa meli. Baba akainunua. Siku hiyo alipiga honi kuanzia Makutano mpaka mlangoni kwake, paaa, pa-pa, na majirani wakadhani sherehe za uhuru zimeongezwa siku nyingine.

Gari hilo lilikuwa Studebaker. Usijisumbue kulitamka. Meru nzima hakuna aliyeliweza, likawa Situbeka, na baba naye akawa Muthamia wa Situbeka mpaka kaburini.

Sasa hapo ndipo kesi yangu inapoanza. Wiki ile ile, nakwambia wiki ile ile, huko Amerika katika mji wa South Bend, wenye kampuni walitangaza kwamba kiwanda chao kikubwa kinafungwa. Sisi tunapandisha bendera, wao wanazima taa. Maelfu ya watu wakaachwa bila kazi Krismasi ikibisha hodi. Amerika yote ikajua. Meru habari haikufika. Baba alinunua gari la kampuni iliyokuwa inakata roho, na akachinja mbuzi kwa furaha.

Jambo la pili ni usukani. Kwa kuwa Situbeka ilitoka moja kwa moja kwa wenyewe, usukani ulikuwa kushoto. Kwetu dereva hukaa kulia, hata mtoto anajua. Mwaka uliofuata baba akaoa msichana wa Siakago, huko huko Mbeere, Kanini, ambaye ndiye mama yangu. Alipokwenda kumchukua kwao, Kanini alikaa kulia, pale pale ambapo madereva wote tunaowajua hukaa, kitambaa cheupe kichwani, mikono ameilaza mapajani. Gari likatoka kwa wazazi wake likapita katikati ya soko la Siakago. Watu wakaona nini? Mwanamke anaendesha gari bila kushika kitu! Wazee walisimama. Mama mmoja aliacha mtungi wake ukamwagika maji yote. Watoto wakalifukuza vumbi wakipiga kelele, "Kanini ni dereva! Kanini ni dereva!"

Mama hakuwasahihisha. Wewe ungewasahihisha?

Basi kila mwaka, mwere ukishavunwa, baba alikuwa akimpeleka kwao kusalimia. Hayo nayakumbuka mwenyewe, maana nilikuwa nabanwa katikati yao. Jioni ya kuamkia safari mama alichuchumaa akasugua wilikapu, vile vifuniko vya magurudumu, kwa jivu mpaka herufi zikang'aa. Njiani, tukifika kona za Nithi, alikuwa akinyoosha mkono wa kushoto, anaupitisha juu ya kichwa changu, anamgusa baba begani. "Pole pole kwa kona, Baba Karwirwa." Baba hujibu, "Kwani ni mimi naendesha? Dereva si wewe?" Utani wao ulikuwa huo huo kila mwaka, na kila mwaka walicheka upya.

Na tukifika kwa kina mama, kabla ya geti, baba alipiga honi. Paaa, pa-pa. Cucu yangu, mama yake mama, alikuwa akitoka mbio na kibuyu cha uji, leso inamdondoka, anaikanyaga, anaiokota, anakuja tu. Sijaona mtu mwingine akiikimbilia honi namna ile.

Kabla sijakupeleka mbele, wacha nikueleze kampuni yenyewe, kwa sababu mtu humlaumu anayemjua. Mimi nimeijua juzi juzi. Aliyenisomea ni kitinda mimba wangu, Lennox, anayefanya kazi katika ofisi ya bima pale Makutano. Anavaa tai na simu haimtoki mkononi. Jioni moja akaketi jikoni kwangu akaanza kusoma, nami nikawa nachagua mawe kwenye ndengu.

Kumbe walikuwa ndugu watano, watoto wa mhunzi. Wawili walifungua karakana ndogo mwaka wa 1852, wakawa wanapiga vyuma na kutengeneza mikokoteni ya farasi. Ndugu mwingine, John, akaenda California watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu. Yeye hakuchimba. Alikaa akawatengenezea wachimbaji mawilibaro ya kusukumia udongo. "Huyo alikuwa na akili," nikamwambia Lennox. "Huyo angekuja Gakoromone angeuza magunia." Akarudi kwa ndugu zake na faida yake, wakapanua kazi, vita vikaja wakawauzia jeshi mikokoteni, na mwishowe wakawa watengenezaji wa mikokoteni wakubwa kuliko wote duniani.

"Halafu magari yakaja," Lennox akasema.

"Wakaogopa?"

"Wapi! Wakaunda magari. Kwanza ya umeme, mum, mwaka wa 1902."

"Ya umeme? Haya mnayotuambia ni mapya?"

"Hayo hayo. Kisha wakaingia ya petroli."

Nikainamia ndengu zangu, maana nilianza kuwapenda na sikutaka. Akaendelea. Miaka ya thelathini walifilisika, wakainuka. Vita vya pili wakatengeneza malori ya jeshi. Baada ya vita walikuwa na magari mazuri kuliko ya jirani zao wakubwa, watu wakapanga foleni. Kisha wale wakubwa wakaanza kushusha bei, na hawa hawakuweza kushindana. Wakaungana na kampuni nyingine iliyokuwa na shida zake, zikawa shida mbili nyumba moja. Mwishowe ikaja ile Desemba. Waliendelea kidogo kule Kanada, na mwaka wa 1966 wakamaliza kabisa. Miaka zaidi ya mia moja, kwisha.

"Hawangengoja hata kidogo?" nikauliza.

"Wangengoja nini, mum?"

Nilikuwa nafikiria kilachi.

Maana Situbeka iliugua kilachi, ile inayokanyagwa mtu akibadili gia. Kosa lilikuwa la baba. Aliipakia kabichi utadhani ni treni, akaipandisha mlima, ikaanza kutoa moshi na harufu ya nywele zilizoungua. Fundi wa Makutano akamwambia alete kilachi ya aina hiyo hiyo. Baba akaenda Nairobi, akazunguka maduka yote ya spea, akarudi mikono mitupu. Walimwambia kampuni haipo tena. Baba alilikataa neno hilo. Kampuni iliyotengeneza chuma kama kile itakosaje kuwapo? Akatuambia, "Spea ziko baharini. Meli ikifika zitafika."

Sentensi hiyo tumeila na ugali kwa miaka. Spea ziko baharini. Fundi akafunga kilachi ya Bedford baada ya kuikata na kuichonga, taa zikawa za Land Rover, kioo cha pembeni kikawa cha kujitazamia cha mama. Kila baada ya miezi michache kitu kingine kilikufa. Baba alikuwa akiuza nusu ya mzigo kando ya barabara kwa sababu gari limelala pale. Mwaka wa 1974 akaiuza kwa mfanyabiashara wa Siakago, mzee Gachoki. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alimwambia mama mbele yetu, "Spea zikifika nitairudisha, na nitakupeleka kwenu nayo."

Mama akasema, "Nitangoja."

Nilidhani ni maneno ya kumfariji mtu. Ngai! Kumbe mama yangu alikuwa ameapa.

Mwere ukavunwa, hakwenda kwao. Mwaka mwingine ukaja, hakwenda. Baba alimwambia apande basi. Mama akamwambia, "Nilitoka kwetu nikiwa ndani ya Situbeka, soko zima likiniona. Nikirudi nimebanwa kwenye basi na kuku, watasema Muthamia ameanguka. Sitawapa neno la kukusema." Baba akanyamaza, na nadhani kimya chake ndicho kilichomfunga mama zaidi. Baba angesema "tumeanguka, twende hivyo hivyo", mama angekwenda. Lakini mtu mwenyewe bado alikuwa anangoja meli.

Mwaka wa 1979 cucu akafa. Yule wa kibuyu cha uji. Mama alivaa, akatembea mpaka stendi ya Makutano, nami nyuma yake nimebeba kikapu. Basi likaja, mlango ukafunguliwa, utingo akapiga bodi. "Embu, Embu! Mama, ingia." Mama alisimama pale. Niliona mguu mmoja ukiinuka na kurudi chini. Basi likaondoka. Tukarudi nyumbani, akaketi jikoni akamenya viazi mpaka sufuria mbili zikajaa, na hatukuwa na mgeni yeyote. Siku hiyo ndiyo nilianza kuwachukia Wamarekani, kwa sababu mama sikuweza kumchukia.

Nilipokuwa mkubwa nilimgombeza, usidhani nilinyamaza. Nilimwambia kiburi chake kitamzika. Alikuwa akinitazama tu na kusema, "Wewe hukuona siku ile." Baba naye akafa mwaka wa 1991, bado akiuliza kama kuna habari. Hata hivyo mama aliendelea kungoja. Na kila alipopanda gari la mtu, teksi, gari la kanisa, gari la maiti, alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa kulia. Madereva wote wa Meru wamewahi kumwambia, "Mama, hapa ni kwangu." Alikuwa akizunguka upande wa pili polepole, amekunja uso kama mtu aliyenyang'anywa.

Mwaka jana macho yake yakafifia, akabaki anaona vivuli. Miguu ikavimba. Daktari akaniita kando akasema moyo umechoka, nisimsumbue, nimpe anachotaka kula. Nikaenda nikamuuliza anataka nini. Nilidhani ataomba supu.

"Karwirwa, nataka kwetu."

"Lennox atakupeleka. Jumamosi."

"Na gari gani?"

"Hiyo Toyota yake."

Akageuka akatazama ukuta. Weee! Nilitoka nje nikapiga teke ndoo. Mtu anakufa, bado anachagua gari! Nikakaa pale kwenye ngazi nikalia kama mtoto, ndoo imelala pembeni. Mama alitaka kitu kimoja tu duniani, na mimi binti yake nilikuwa nikimwambia akubali kingine.

Nikampigia Lennox. "Hiyo Situbeka iko wapi?"

"Mum, hiyo ni ya sabini na nne. Iliisha."

"Nimekuuliza iko wapi, sijakuuliza kama iliisha."

Lennox ni mtoto mzuri ingawa ana tai. Aliandika kwenye Facebook, katika ukurasa wa watu wa Mbeere, kwamba anatafuta pikapu ya kijani ya zamani sana, usukani kushoto, aliyouziwa mzee Gachoki wa Siakago. Watu wakacheka, wakaweka picha za matrekta. Siku kadhaa zikapita. Kisha jioni moja akaja mbio dukani kwangu, tai iko begani.

"Mathe, nimeipata! Kuna jamaa anaitwa Njue, mjukuu wa Gachoki. Anasema Situbeka iko."

Nikamnyang'anya simu. "Halo? Wewe ndiye Njue? Situbeka iko?"

"Iko, mama." Sauti ya mtu mzima, imetulia. "Ni ya guka, babu yetu. Sisi tunaiita hivyo hivyo, Situbeka."

"Inatembea?"

"Inatembea vizuri. Inabeba maji kila siku. Jana tu nimetia grisi kwenye magurudumu."

"Tukija itaweza kumbeba mama yangu, kilomita chache tu? Ana miaka themanini na moja."

"Mama, hiyo hubeba mitungi ishirini. Mtu mmoja itashindwaje? Mleteni."

Nilikaa chini kwenye mahindi ya mtu. Miaka hamsini! Nikafunga duka, nikaenda nikamwambia mama. Aliomba kile kitambaa cheupe, kilichokuwa chini kabisa ya sanduku, kimekuwa na rangi ya chai. Akaniambia nikifue kwa sabuni ya kipande, nisikitie sabuni ya unga.

Jumamosi tukaondoka. Mama akaliendea gari, akapapasa, akashika mlango wa kulia. Lennox akasema kwa upole, "Cucu, hapo ni kwangu."

"Najua," mama akamjibu. "Leo nakuachia. Mpaka Siakago tu."

Kwenye kona za Nithi nilimwona akiinua mkono kisha akaurudisha mapajani. Baridi ikaisha, tukateremka kwenye joto, miti ikawa mifupi, ardhi ikawa nyekundu. Mama akashusha kioo akanusa. "Wamevuna," akasema. Alikuwa sawa, mashamba yalikuwa yamebaki mabua.

Njue alitungoja ukingoni mwa soko la Siakago, mtu wa miaka hamsini na kitu, kofia mkononi. Nyuma yake walikuwa punda wawili wamefungwa kwenye mkokoteni uliojaa mitungi ya manjano. Nikashuka nikamsalimia, huku macho yanatafuta kijani.

"Situbeka iko wapi?"

"Si ndiyo hii," akasema, akagonga ubao wa mkokoteni.

Nikadhani ananitania. Nikamwambia asiniletee mchezo, nina mgonjwa kwenye gari. Akaona uso wangu, naye akaanza kubabaika. Akanieleza pale pale. Gachoki aliitumia Situbeka mpaka ikagoma, ikakaa nyuma ya nyumba, kuku wakataga ndani. Injini ikafungwa kwenye kinu cha posho mpaka nayo ikafa. Bodi ikachukuliwa na watu wa vyuma vikuukuu. Kilichobaki ni ekseli na magurudumu yake, guka akaviwekea mbao juu, na mkokoteni huo haujawahi kulala hata siku moja. Alivyoniambia kwenye simu vyote vilikuwa kweli. Inatembea. Inabeba maji. Imetiwa grisi.

Lo! Nilipandwa na mori. Nilimwita Njue majina ambayo sitayarudia mbele yako. Nikamwambia nimemtoa mama kitandani, nimemfulia kitambaa, nimempitisha Nithi, nije nimwonyeshe punda? Watu wakasogea kutazama. Njue aliinamisha kichwa, maskini, na hakuwa na kosa.

Lennox akanishika mkono. "Mum, lakini hawa watu wa kampuni walianza na mikokoteni."

"Nyamaza! Nyamaza na simu yako!"

Nikarudi kwenye gari nikiwa nimeshapanga uongo. Ningemwambia Situbeka imeharibika jana, kilachi, fundi ameitwa. Nikafungua mlango. Mama alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje.

"Mama, ile gari..."

"Karwirwa, umepiga kelele soko zima limesikia. Macho yangu ndiyo mabovu. Nipeleke."

Nikamshika, tukaenda hatua moja moja. Watu wakatupisha. Alipofika kwenye mkokoteni aliinama, akapapasa gurudumu mpaka akafika katikati. Wilikapu moja ilikuwa bado imeshikilia, imejaa matope makavu. Vidole vyake vikatembea juu yake taratibu, vikasimama kwenye bonde dogo pembeni.

"Hapa tuligonga jiwe," akasema. "Baba yako alisema ni punda alivuka. Hapakuwa na punda."

Kisha akaomba jivu. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi karibu akaleta kiganja kizima. Mama yangu, aliyekatazwa na daktari hata kuinama, aliketi chini kwenye vumbi la Siakago, na kwa ncha ya leso yake akaanza kusugua. Hakuna aliyemzuia. Hata mimi sikuthubutu. Herufi zikaanza kutokea, zimelika, S na T, na nyingine katikati.

Alipochoka akainua kichwa. "Lennox, umesema walianza na nini?"

"Mikokoteni, cucu. Na mawilibaro."

Mama akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. "Kumbe yenyewe ilirudi kwao kitambo," akasema, "na mimi niko Meru naingoja."

Mimi nililia waziwazi, sikuona haya. Nililia kwa ajili ya baba na meli yake. Nililia viazi vyote vile vilivyomenywa bure.

Njue hakungoja kuambiwa. Alishusha mitungi yake yote, akatandika magunia, akatandika na koti lake juu. Tukambeba mama. Mbele ya mkokoteni kulikuwa na ubao wa kukalia watu wawili, na mama akajisogeza mpaka mwisho wa kulia. Njue akakuna kichwa.

"Cucu, hapo ndipo huwa nakaa mimi. Kamba ziko upande huo."

"Hapo ni pangu," mama akasema.

Njue akanitazama. Nikamtazama kwa macho ambayo hata Gakoromone wanayajua. Akazivuta kamba, akazungukia kushoto, akapanda. Mimi nikakaa nyuma kwenye magunia, na Lennox akatufuata na Toyota yake polepole kama gari la harusi.

Tukapita katikati ya soko. Mama alikuwa amefunga kitambaa chake, mikono mapajani, mgongo umenyooka vile sijauona miaka mingi. Mwanamume mmoja mlangoni mwa duka akatutazama akacheka. "Njue, leo umeandika dereva mwanamke!" Wengine wakacheka naye. Mama aligeuza uso upande wa sauti hiyo, na akaupeleka mbele tena taratibu, kama mtu asiye na haja ya kumsahihisha mtu.

Baada ya kanisa njia inakata kushoto, ina mteremko na mawe. Nikaona mkono wake wa kushoto ukiinuka, ukamgusa Njue begani.

"Pole pole kwa kona, Baba Karwirwa."

Njue aligeuka nyuma akaniangalia. Akavuta kamba, punda wakapunguza mwendo. "Sawa," akasema. "Kwani dereva si wewe?"

Naapa hakuna mtu aliyemfundisha jibu hilo. Alisema tu kwa kuwa mama alikaa mahali pake. Nilimsamehe Njue kila kitu, palepale.

Tukafika. Geti ni jipya, la bati. Nyumba ya cucu haipo, kuna ya mawe. Nje alikuwa msichana aliyeolewa hapo juzi, mtoto mgongoni, anaanika nguo. Alitutazama jinsi mtu anavyotazama wauza maji asiowaita. Nyuma ya ghala kulikuwa na makaburi, nyasi zimeyapanda.

Mkokoteni ukasimama. Mama akangoja. Upepo ukapita, nguo zikapepea kwenye kamba.

"Tumefika?" akauliza.

"Tumefika, mama."

"Mbona hajapiga honi?"

Njue akafungua mdomo. "Cucu, mkokoteni hauna..."

Nikamfinya. Nikasimama juu ya magunia, mimi Karwirwa, mtu mzima wa miaka sitini, nikajaza kifua, nikatia mikono mdomoni.

"Paaa! Pa-pa!"

Msichana akaacha nguo. Mbwa akabweka mahali. Mama alikuwa ameelekeza sikio getini, ameikunja shingo kidogo, anasikiliza. Hakutoka mtu. Waliokuwa wakitoka mbio kwa honi hiyo walikuwa wamelala nyuma ya ghala.

"Mama," nikaanza, "cucu hayuko. Wote..."

"Najua wamekufa, Karwirwa. Mimi si mjinga." Hakugeuka. Alipapasa kichwa, akakaza kitambaa chake vizuri. "Piga tena."

Nikavuta pumzi, nikapiga tena.